Dobi Aliyefungia Mashati ya Vyama Viwili

Mdogo wangu ni dobi, na nikisema dobi simaanishi mtu wa kulowesha nguo na kuzikamua. Kuna shati moja jeupe alilianika saa sita mchana, majogoo wa mtaa mzima wakawika upya wakidhani kumekucha mara ya pili. Ikabidi mwenye shati alifunike blanketi ndipo alipitishe njiani. Asiyeamini na awaulize majogoo.

Tulizaliwa tumbo moja, mimi nikatangulia kwa miaka mitatu. Mimi nikapewa mdomo, yeye akapewa mikono. Shule hatukuingia, si mimi si yeye. Ilikuwapo, tena karibu, maana mama alikuwa akiwafulia walimu wake, na sisi tuliijua elimu kwa upande wa madoa ya wino. Mdogo wangu akaolewa na fundi bomba, mtu mpole, ambaye alipofariki alimwachia bomba moja uani, kamba nne za kuanikia na chumba cha kupigia pasi chenye mlango wa mbao nzito. Bomba lile lina kibali, na kibali kila mwaka hurudi ofisini kikagongwe muhuri. Shika hilo la kibali, tutalihitaji.

Kwa kuwa hajui kusoma, nguo za watu hazitambui kwa majina. Anazitambua kwa uzi. Nyuma ya kola, au ndani ya kiuno cha suruali, anashona alama ndogo ambayo mwenyewe ukiivaa huisikii. Muuza nyama ana mishono mitatu myeupe. Mwalimu mstaafu ana msalaba mweusi. Mjane wa kona ana kitanzi kimoja cha bluu. Miaka thelathini hajampa mtu nguo ya mwingine, isipokuwa mara moja tu, na hao wawili waliishia kuoana, kwa hiyo hatuihesabu.

Jambo la pili ni mifuko. Kila nguo inayoingia anaipekua mfukoni kabla haijagusa maji, na anachokikuta anakitia kwenye kifuko alichokata kwa shuka kuukuu, anakifunga uzi, anakining'iniza kwenye kifungo cha nguo ile ile. Ufunguo, vidonge, barua, jino, lolote. Hakiangalii. Siku moja mke wa fundi saa alikuja amevimba, anataka kujua mumewe alikuwa na nini mfukoni.

"Wifi," mdogo wangu akamjibu huku anasugua, "mfukoni mwa mumeo nilikuta mfuko."

Yule mama akarudi kwake. Tangu siku hiyo watu wakawa wanavua nguo zao kwa mdogo wangu bila hata kuzikung'uta. Hiyo ndiyo mali yake. Povu kila mtu analo.

Sasa mtaa wetu, kama mitaa yote, una vyama viwili. Kimoja mashati yake ni ya rangi ya damu ya mzee, nacho ndicho kinachotawala. Cha pili mashati yake ni ya samawati, nacho ndicho kinachosema kingetawala vizuri zaidi. Mwenyekiti wa Damu ya Mzee hapa mtaani ni muuza nyama, mtu mnene mwenye kicheko kinachosikika mpaka buchani kwa mwenzake. Mwenyekiti wa Samawati ni mwalimu mstaafu, mwembamba, anayekohoa kabla ya kila neno ili neno lijiandae. Dada wa mwalimu ndiye mke wa muuza nyama. Kwa hiyo ni mashemeji, na tangu uchaguzi ule wa miaka saba nyuma hawajasalimiana. Wakisimama bega kwa bega, mmoja atakuambia wewe, "Mwambie shemeji yangu ananikanyaga."

Kila chama kilimtaka mdogo wangu afue mashati yake katika beseni la peke yake, yasije yakachanganyika na ya wale. Akanunua mabeseni mawili. Wakataka kamba mbalimbali. Akawapa kamba mbalimbali. Maji ya kusuuza hawakuyauliza, naye hakuwaambia. Yalikuwa ya bomba moja, ndoo moja, siku zote.

Ndipo serikali ikafungua Ofisi ya Kujali Wananchi. Walipaka ukuta rangi, wakaweka mlinzi, wakatundika kamera juu ya mlango inayotazama huku na huku kama mama mkwe. Damu ya Mzee walishangilia, wakijua wanaojaliwa ni Samawati. Samawati walinung'unika, lakini mwalimu alinong'ona kikaoni kwamba ofisi yenyewe si mbaya, shida ni aliyeishika.

Asubuhi moja afisa wa ofisi hiyo akaingia uani kwa mdogo wangu. Suti ya kijivu, viatu vinameta, anaruka madimbwi ya povu kama paka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, napanga vibanio. Sisi tulimpa jina hapo hapo: Bwana Kujali.

"Mama," akasema, "serikali inawapenda sana. Ila mtu huwezi kumjali kama hujui yuko wapi, na nani, na wanaongea nini."

"Mimi mume wangu nilimjali miaka ishirini," mdogo wangu akasema, "na nusu ya alichokuwa akiongea sikukisikia."

Bwana Kujali akacheka kidogo, kicheko cha kazini. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nimesikia una alama zako kwenye kola. Tunaomba uongeze moja. Uzi mwekundu, mdogo sana, kwa hawa waliomo humu tu. Vijana wetu watakuwa langoni mwa mikutano, wanawakumbatia watu kwa upendo, mkono unapita nyuma ya shingo. Akipapasa uzi, anajua. Na makaratasi utakayokuta kwenye mifuko ya hawa, niwekee. Nitayapitia kila Ijumaa."

"Na nisipoweza?"

"Kibali chako cha bomba ninacho mimi, kimeletwa kugongwa muhuri. Ukifanya, kipo. Usipofanya, kipo pia, ila kitakuwa kabatini kwangu. Na hii ni siri, mama. Karatasi hii asiione mtu."

Akaondoka akiruka madimbwi. Mtu aliyesoma mpaka vyuo vya ng'ambo, kazi yake ni kujua habari za watu, na hakuwahi kuuliza kama dobi anajua kusoma.

Mdogo wangu aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, asiiloweshe.

"Dada, umesikia. Amesema niwatie uzi waliomo humu."

"Nimesikia."

"Waliomo ni nani?"

Nikaichukua, nikaigeuza, nikaitazama kwa mbali, nikaitazama kwa karibu. Herufi zilikuwa nyingi na zote zimenyamaza.

"Inabidi tutafute mtu wa kutusomea," nikasema.

"Kasema asiione mtu."

"Sasa bila mtu utaifanyaje kazi ya watu? Kosa ni lake. Angechora picha."

Akafikiri mpaka sabuni ikamkauka mikononi. Bomba likifungwa, hana kazi, na umri ule huanzi kazi nyingine. Lakini alichokuwa akikitazama si bomba. Alikuwa akiitazama kamba yenye vifuko vyake vidogo vinapepea. Mara moja tu atoe karatasi ya mtu, na hakuna tena atakayemletea hata soksi.

"Lazima nijue wanaotakiwa," akasema mwishowe. "Nikimpa mwalimu asome, Damu ya Mzee watasema amebadilisha. Nikimpa muuza nyama, Samawati watasema amepunguza. Waite wote wawili."

Nikawaita. Kila mmoja nilimwambia suruali yake imechanika pabaya. Walipokutana uani wakapeana visogo. Tukawaeleza, wakageuka.

Kulikuwa na miwani moja tu, ya mwalimu. Ya muuza nyama aliikalia kwenye sherehe ya ushindi. Basi wakakubaliana, kwa kupitia kwangu, kwamba kila mstari utasomwa na mmoja, miwani ihamie kwa mwenzake, naye auhakiki.

Mwalimu akakohoa. "Wa kwanza ni mimi. 'Mwalimu mstaafu. Samawati. Hutembea polepole kama mtu anayefikiri.'"

Muuza nyama akapokea miwani, akahakiki, uso ukamchanua. "Ndivyo ilivyoandikwa. Na hapo serikali imeona mbali. Dada, mwambie shemeji hata mimi mwendo ule unanitia wasiwasi." Akaendelea mwenyewe. "'Fundi saa. Samawati. Ana saa nyingi kuliko mahitaji ya mtu mmoja.' Kweli kabisa. 'Mjane wa kona. Chama hakijulikani. Wageni wake wakitoka huwa wanacheka.' Jamani, hawa watu wanafanya kazi." Akashusha kidole kwenye mstari wa nne, na kidole kikakwama.

"Soma," mwalimu akamwambia, moja kwa moja, bila kunipitia mimi. Neno la kwanza katika miaka saba.

"Maandishi hapa yamefifia."

Mwalimu akamvua miwani usoni. "'Muuza nyama. Damu ya Mzee. Mwaminifu kupita kiasi. Ichunguzwe anaficha nini.'"

Muuza nyama akaichukua miwani tena, akaifuta kwa aproni yake ya buchani, ikachafuka zaidi, akasoma tena, ikawa ile ile.

"Hii karatasi ni ya uongo," akasema.

"Mistari mitatu iliyopita ilikuwa ya kweli," mwalimu akamjibu.

Wakaendelea mpaka chini. Watu kumi na wanane: wanane Damu ya Mzee, wanane Samawati, mjane wa kona, na kinyozi ambaye kosa lake lilikuwa "husikiliza." Mimi nilisubiri jina langu mpaka mwisho wa ukurasa, wakageuza nyuma, kukawa kweupe. Nimeitukana serikali tangu sijaota meno ya utu uzima, sikupewa hata nusu mstari.

Ungefikiri hapo wangeshikana mikono. Kesho yake asubuhi muuza nyama alikuja peke yake, amebeba mfupa wa supu.

"Dada yangu, pale kwenye jina langu ni kosa la uchapaji. Wewe tia uzi hao wengine, mimi niruke. Nitawaeleza huko juu kimya kimya."

Mfupa tuliupokea, kwa kuwa mfupa hauna chama. Mchana akaja mwalimu, mikono nyuma.

"Dada, kupeleleza raia ni uovu, na nitaupinga mpaka kaburini. Lakini kama ni lazima uanze na mtu," akakohoa, "anza na wao. Ndio walioileta ofisi."

Mdogo wangu aliwasikiliza wote wawili bila kuinua kichwa, anasugua kola kwa kola. Walipoondoka akaniambia, "Umeona? Kila mmoja anaogopa mkono usipite shingoni kwake. Kwa mwenzake upite tu, hata ukikaba."

Jumamosi ile vyama vyote viwili vilikuwa na mikutano, uwanja mmoja, saa tofauti, na kwa hiyo kufikia Jumatano mashati yote ya mtaa yalikuwa kwake. Si mashati tu. Watu walileta na suruali, na makoti, na magauni, maana kila mtu alitaka kuonekana jukwaani. Aliyafua yote. Aliyaanika, damu ya mzee kamba hizi, samawati kamba zile. Aliyapiga pasi mpaka Alhamisi jioni, mikunjo mikali unaweza kukatia kitunguu. Kisha akayaingiza yote chumbani, akafunga ule mlango wa mbao nzito, ufunguo akautia kwenye kifuko chake cha shuka, akakifunga uzi kwenye kifungo cha blauzi yake, kifuani, mahali ambapo hata marehemu fundi bomba aliomba ruhusa kwanza.

Ijumaa asubuhi watu wakaja kuchukua nguo.

"Ni safi," akawaambia. "Hazitoki."

Ikawa kelele. Muuza nyama akauliza kama ameambiwa na Samawati afanye hivyo. Mwalimu akauliza kama ameambiwa na Damu ya Mzee. Mdogo wangu akasubiri wachoke.

"Kuna karatasi aliniachia mtu. Mimi kitu cha mtu hurudisha, mnanijua. Lakini hiki ni kizito, sikibebi peke yangu. Tunakwenda wote mlioandikwa humo, sasa hivi, kwa pamoja. Tukirudi nafungua."

"Twende na nguo zipi?" muuza nyama akauliza. "Zote unazo wewe."

"Na ulizovaa."

Wakajitazama. Ndipo wakaona walivyo. Mwalimu alikuwa ndani ya suti yake ya harusi ya miaka arobaini iliyopita, mikono imeishia kwenye viwiko. Fundi saa amevaa koti la mvua, na mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi uliopita. Mjane wa kona alikuwa na gauni la kulalia na kofia ya heshima. Muuza nyama alijifunga shuka la mkewe la maua kiunoni, juu akavaa sweta ya mwanawe wa darasa la sita, imembana hata akipumua inalia. Katika watu wale wote hukuona uzi mmoja wa damu ya mzee wala wa samawati. Hata mimi ninayewajua nilianza kusahau nani ni nani.

Tulipofika, mlinzi wa Ofisi ya Kujali alitoa fomu yake yenye safu mbili, Damu ya Mzee huku na Samawati kule. Akatutazama kuanzia koti la mvua mpaka shuka la maua.

"Nyinyi ni wa chama gani?"

Muuza nyama akafungua mdomo, sweta ikalia, akaufunga. Mwalimu akakohoa, neno halikuja. Kisha muuza nyama akasema, "Sisi ni wateja wa dobi."

Mlinzi akaangalia safu ya kwanza, akaangalia ya pili, akatuandika pembezoni. Kamera juu ya mlango ikageuka huku, ikageuka kule, ikabaki imetazama dari. Hilo la kamera niliapa kulisema na nimelisema.

Ndani, Bwana Kujali alikuwa amekaa na mkuu wake, mama mmoja wa makamo mwenye kalamu tatu. Mdogo wangu akaweka juu ya meza kifuko cheupe kilichofungwa uzi.

"Hiki ni chako, mwanangu," akamwambia Bwana Kujali. "Kimebaki kwangu."

Bwana Kujali akafungua, akaona, akafunga haraka. "Sikijui."

Mwalimu akakitwaa, akavaa miwani, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti ya darasani. Akamvisha miwani shemeji yake, naye akasoma wa pili. Wakasoma hivyo kwa zamu, miwani inakwenda na kurudi, mpaka mstari wa nne, ambao muuza nyama aliusoma mwenyewe, polepole, bila kusema umefifia.

Mkuu akapanga kalamu zake. "Ofisi hii haina orodha yoyote," akasema. "Haijawahi kuwa nayo. Na haijawahi kumwomba dobi atie alama nguo za raia."

"Vizuri sana," mwalimu akasema. "Tuandikie hivyo hivyo."

"Na muhuri," muuza nyama akaongeza.

Mkuu akawatazama wale watu wa suti fupi na shuka la maua, akatafuta wa kumgombanisha na mwenzake, asijue aanzie upande upi. Akaandika. Akagonga muhuri. Nikaona huu ndio wakati wangu.

"Mwanangu," nikamwuliza Bwana Kujali, "mbona mimi simo?"

"Hakuna orodha, bibi."

"Basi niandike kwenye hiyo ambayo hakuna."

Mdogo wangu alinikanyaga mguu. Kisha akamgeukia mkuu. "Sasa kibali changu cha bomba. Kimo kabatini kwa huyu kijana kwa sababu ya ile kazi. Na kazi umesema haipo."

Mkuu alimwonyesha Bwana Kujali kabati kwa ncha ya kalamu. Bwana Kujali akafungua kabati. Vibali vilikuwa rundo, vyote vimeshagongwa muhuri, vyote na picha za wenyewe: kinyozi wa mtaa wetu, fundi viatu wa mtaa wa pili, muuza magazeti, mama wa genge, dereva wa teksi. Kinyozi, aliyekuja nasi na taulo mabegani, aliuona uso wake pale juu ya rundo akainamisha kichwa. Basi ndiyo maana alikuwa ameandikwa kwamba anasikiliza. Naye, kama mdogo wangu, alikuwa ameombwa awasikilize wateja wake kwa niaba yao, na alikuwa amechelewa kujibu.

Mdogo wangu hakuchukua kimoja. Alichukua rundo zima, akalikung'uta kama foronya, akalitia kwapani.

"Mama, hivyo vingine si vyako," mkuu akasema.

"Najua. Ni vya watu," akajibu, akatoka navyo.

Alifungua mlango wa chumba tuliporudi, kama alivyoahidi. Kila aliyepokea shati lake, wa chama hiki na wa kile, kitu cha kwanza alikunjua kola na kutazama nyuma. Mishono mitatu myeupe. Msalaba mweusi. Kitanzi cha bluu. Siku mbili zilizofuata alizunguka na vile vibali mtaa hadi mtaa, analinganisha picha na sura za watu, mpaka kwapa likabaki tupu.

Jumamosi mikutano ilifanyika, na walitukanana kama kawaida. Nisingependa mtu adhani tulipona. Ila langoni hakukuwa na vijana wa kukumbatia, na barua yenye muhuri ilisomwa majukwaa yote mawili, neno kwa neno, kwa miwani ile ile, ambayo muuza nyama aliiazima saa nane na kuirudisha saa kumi. Alimpelekea shemeji yake mwenyewe, mkononi. Hawakusalimiana. Alisema tu, "Kioo cha kushoto kina mkwaruzo," na mwalimu akasema, "Najua."

Bwana Kujali bado yupo, na nguo zake anazileta kwa mdogo wangu, maana suti ya kijivu ile haifuliki na mtu mwingine. Mifukoni mwake huwa na makaratasi. Siku hizi mimi herufi nazijua, nimefundishwa na mjukuu, na juzi niliona kifuko chake kinapepea kwenye kamba, kimevimba vizuri. Nikanyoosha mkono. Nilipigwa kofi la povu mpaka sabuni ikaniingia sikioni.

"Dada, hicho ni cha mtu."

"Huyo naye ni mtu?"

"Analeta nguo," akasema, na akaendelea kusugua.

Mchana Bwana Kujali mwenyewe akaja kuchukua suti na mashati yake. Akalipokea kila shati, akalikunjua, na nyuma ya kola akakuta mshono mmoja mfupi wa kijivu. Akapaparika. Akaupapasa kwa kidole, akageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yake, akamwinamia mdogo wangu akamnong'oneza.

"Mama, huu uzi unasema nini?"

"Unasema shati ni lako, mwanangu," akamwambia. "Hausemi lingine."

Akasimama pale kwenye povu kwa muda, viatu vyake vinalowa, mkono nyuma ya shingo.